Lazaro wa Kompyuta ya Dirishani

Katika chumba chetu cha kompyuta hapa Kasulu, ile mashine ya dirishani ina programu ya maongezi isiyokubali kufungwa. Uifunge, na kabla hujaondoa mkono kwenye kipanya inafunguka tena yenyewe. Juu kabisa ya orodha ya majina utaliona jina lile lile la kijivu: Melkiori. Jina hilo halijawahi kugeuka kijani, rangi ya mtu aliyepo mtandaoni, tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanakuja kuchapa kazi zao za shule kwenye mashine hiyo. Wanalifunga dirisha, linarudi, wanacheka. Wengine husema mashine ina mzimu.

Wiki iliyopita, mwanangu Zawadi, uliniuliza habari zake kwa adabu kama kawaida yako. Ulisema, "Baba mkubwa, kuna mistari kwenye ile ya dirishani sijaielewa. Nani aliiweka? Nikiifuta kutaharibika kitu?" Nikakuambia nitakueleza, kisha nikaondoka haraka kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. Lakini wewe ndiye unayekitunza chumba hicho sasa, na anayekabidhiwa nyumba hukabidhiwa na habari zake. Basi nimeandika. Wasomee na wenzako, maana jambo hili halihusu kompyuta peke yake.

Asubuhi moja ya masika hainitoki kichwani. Ukungu ulikuwa bado umeshika mikaratusi, na mama mmoja akaingia chumbani akiwa na matope mpaka magotini. Alikuwa Mkongo wa Nyarugusu, amepewa kibali cha kutoka kambini, amekuja kuongea na kaka yake aliyebaki ng'ambo ya ziwa. Walikuwa wameahidiana saa. Bahati mbaya, mwanachuo mmoja aliyekuwa ameketi pale kabla yake alikuwa ameifunga programu ya maongezi ili asisumbuliwe na sauti zake. Tulipoifungua tukakuta maneno ya yule kaka yamejipanga: "Dada, uko?" Kisha, "Dada, ninakungoja." Kisha, "Dada, basi." Mama hakujua kusoma. Mwenzangu wa kazi ndiye aliyemsomea, na alipofika kwenye lile "basi" sauti yake ilishuka mpaka ikawa kama ya mtu anayeongea na mgonjwa.

"Haizuru, bana yangu," mama alisema kwa Kiswahili cha Kongo. "Nitarudia siku ingine." Akaanza kujifunga kanga upya.

Alirudi kweli, na siku hiyo wakapatana. Nakuambia mapema ili usihangaike naye. Lakini asubuhi ile hatukujua kama angerudi.

Enzi hizo nilikuwa kijana, na chumba kilikuwa uani kwa Bi Mwanaidi, nyuma ya duka lake la vitenge karibu na soko. Kompyuta zetu zilikuwa kuukuu, zilizochokwa na wenyewe huko Ulaya. Zote zilitumia Linux, mfumo wa bure usiodai leseni, na usioshikwa ovyo na virusi vya flash za wanachuo. Hakuna aliyekuwa na mashine yake. Anainuka mwanachuo wa ualimu, anaketi mfanyabiashara wa maharage. Anainuka huyo, anaketi mtu wa kambini anayetafuta ndugu zake. Kwa ajili ya hao watafutaji ndipo tulipoweka programu ya maongezi, ya kuandikiana na kusikilizana sauti.

Nasema "tuliweka" kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu ni huyo Melkiori, Mrundi wa Mtabila, mtu mrefu aliyeinamisha mabega kidogo kana kwamba milango yote aliyopita maishani ilikuwa mifupi. Aliingia nchi hii akiwa amebebwa mgongoni na mama yake. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kirundi, changu kina mwendo wa Kiha, na kwa kuwa lugha hizo ni ndugu, tulipochoka na Kiswahili tuliteremka huko tukapumzika. Alipenda kunitania.

"Wewe Gervas unapiga kibodi kama unatwanga muhogo."

"Na wewe unaigusa kama unachagua mayai," nilimjibu. "Ndiyo maana barua moja inakuchukua mpaka adhuhuri."

"Ego, ndiyo, lakini yangu haina makosa."

Asubuhi ile ya mama wa Nyarugusu hakutania. Alingoja mpaka mama ametoka, akasema, "Hii haiwezi kuendelea, mwenzangu. Mtu anatembea na matope yote haya, anafika, anakuta mlango umefungwa na mtu aliyekuwa hana habari naye."

"Tuwakataze kuifunga."

"Utawakataza wangapi? Hata wewe huwa unaifunga."

Kweli, hata mimi niliifunga.

Mchana ule tukaandika mistari michache. Nitakuelezea kwa maneno ya kawaida, kwa sababu wenzako watakaosoma si wote mafundi. Mistari ile ilikuwa mlinzi. Kompyuta ikiwaka, mlinzi anaifungua programu ya maongezi, kisha anakaa pembeni kuiangalia. Programu ikifungwa, anaifungua. Ikifungwa tena, anaifungua tena. Hana kazi nyingine duniani. Hachoki, na haulizi kwa nini. Tukaiandaa pia programu imkumbuke aliyeketi mwisho, ili wazee wasihangaike kuandika neno la siri kila mara.

Tulipoijaribu, dirisha likajifunga na kurudi, likajifunga na kurudi. Melkiori, ambaye baba yake alikuwa katekista, akapiga makofi. "Huyu ni Lazaro! Unamzika, anatoka mwenyewe na sanda yake." Jina likabaki hilo. Tukamweka Lazaro kwenye mashine zote, tukajiona tumemaliza shida za dunia. Ujana ndivyo ulivyo, mwanangu. Kijana akipata nyundo, kila kitu anakiona msumari.

Sasa nikueleze juu ya Bi Mwanaidi, kwa sababu hukumkuta. Baba yake alikuwa mtu wa Ujiji, na ukoo wa mama yake ulifika mpaka pwani. Alikuwa mama wa makamo, mpole, lakini akikukazia macho unajikuta unatafuta kosa lako mwenyewe kabla hajalitaja. Mwanawe wa pekee, Idrisa, alikuwa dereva huko Maskati. Kila Ijumaa baada ya swala Bi Mwanaidi alikuja kuongea naye, na alipenda kukaa dirishani kwa sababu ya mwanga.

Na lazima nikukumbushe jambo ambalo vijana mnalijua nusu nusu. Huku kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unamsindikiza mpaka kijitoni, na mkiwa katika maongezi naye anaweza kukurudisha nusu ya njia, nanyi mkacheka mkageuka tena. Lakini pana mahali mnasimama. Neno la kuagana likishasemwa, kila mmoja anageuka na kwenda, na hapo humwiti mwenzako kwa nyuma. Msafiri aliyeitwa kwa nyuma amefungwa miguu, wazee wanasema. Ikibidi arudi, atakaa chini kwanza, ndipo aianze safari upya. Bi Mwanaidi, ingawa asili yake haikuwa Buha, alikulia hapa na aliishika desturi hiyo kuliko sisi wenye nayo.

Ijumaa moja tulimwacha na mwanawe, tukatoka nje kuhangaika na jenereta. Alimaliza maongezi yake vizuri. Akamwombea Idrisa dua, wakaitikia amina, akalifunga dirisha. Lazaro akalifungua. Kule Maskati, Idrisa akaona jina la mama yake limerudi, akadhani ana neno lililobaki, akapiga.

"Naam, mama?"

Bi Mwanaidi alikuwa anaweka sawa mtandio wake. "Naam, mwanangu? Kuna nini?"

"Nilidhani wewe ndiye unayeniita."

"Mimi nimeshaaga."

Wakacheka, wakaagana tena, dua tena, akafunga. Likafunguka. "Naam, mama?"

Mwanzoni wanachuo waliokuwepo walicheka mpaka wakaegemea meza. Lakini fikiria mwenyewe, mwanangu. Mtoto aliyelelewa hawezi kumkatia mama yake sauti usoni, na mama hawezi kumpa mgongo mtoto anayemwita. Kila mmoja alikuwa anamsindikiza mwenzake, na kila walipofika kijitoni mashine iliwarudisha nyumbani. Walipozunguka hivyo kwa muda, hofu ikaingia. Bi Mwanaidi akaanza kuuliza, "Idrisa, unanificha nini? Unaumwa?" Na Idrisa naye, "Mama, mbona huniachi? Nani amefariki? Niambie tu." Tuliposikia sauti zimepanda tukakimbilia ndani. Bi Mwanaidi alikuwa analia, ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nikauchomoa waya ukutani.

Idrisa hakupatikana tena mpaka kesho yake. Ulikuwa usiku mrefu kwa mama yule.

Alipokwisha kuisikia sauti ya mwanawe na kujua ni mzima, ndipo alipotuita dukani. Akatukaribisha kahawa, akatungoja tunywe. Wazee wa zamani hawakukugomba ukiwa na kiu.

"Haya, nyie watoto," alisema. "Nani aliwafundisha kukataa kwaheri?"

Nikajitetea. Nikamsimulia habari za yule mama wa Nyarugusu, matope yake, na lile neno "basi". Nikasema tulitaka kumsaidia anayefungiwa kwa bahati mbaya.

"Na anayefunga kwa kusudi lake?"

Melkiori alikuwa anatazama kikombe chake.

"Sikilizeni," Bi Mwanaidi alisema. "Yuko mtu ameanguka njiani. Yuko mtu ameaga akaenda zake. Wote wawili hamwaoni tena mbele yenu. Ukimkimbilia wa kwanza, umetenda wema. Ukimkimbilia wa pili, umemfunga miguu. Hilo jini lenu halijui tofauti. Lifundisheni, au mlitoe uani kwangu."

"Bibi, mashine itajuaje?" niliuliza, na nakiri niliuliza kwa kiburi kidogo.

"Mimi nitajuaje? Mwenye mashine ni wewe. Lakini sijaona kiumbe anayeondoka asiache neno. Hata kuku akitoka bandani hupiga kelele."

Tulirudi uani. Melkiori aliketi dirishani, akaanza kucheka peke yake. "Gervas, neno lipo. Lipo siku zote. Sisi ndio hatukuwa tunalisikiliza."

Na kweli lilikuwepo. Kwenye Linux, programu yoyote inapomaliza huacha namba nyuma yake. Ikifungwa vizuri na mkono wa mtu, kwa kawaida huacha sifuri, maana yake: nimemaliza, kwa amani. Ikifa kwa hitilafu, huacha namba nyingine, na namba hiyo ni kama mtu anayeita kutoka shimoni. Mlinzi wetu alikuwa anaipita namba hiyo bila kuitazama. Tukamfundisha aisome kwanza. Akikuta sifuri, anaacha. Akikuta namba nyingine, anainua. Ile mashine ya dirishani tukaitenga kwa ajili ya wanaongojea ndugu, wanachuo wakakatazwa kuigusa, na shida ya kina mama wa kambini ikaisha bila kumkera mtu yeyote. Ijumaa iliyofuata Bi Mwanaidi alifunga dirisha, likabaki limefungwa. Akageuka akatutazama, akasema, "Sasa lina adabu." Melkiori alifurahia neno hilo kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa.

Ningetamani habari iishie hapo. Lakini ukupigao ndio ukufunzao, na mimi nilikuwa nimepigwa kofi dogo tu.

Ikaja habari ya Mtabila kufungwa. Watu walikuwa wanarudi Burundi, nyumba za udongo zinaachwa wazi, na Melkiori akaniambia siku moja tukiwa tunafuta vumbi kwenye skrini kwamba wao pia wangekwenda. Alilisema kama mtu anayetaja kwamba mvua inakuja. Mimi nikampangia sababu za kubaki, moja juu ya nyingine. Nikamwambia chumba kitakufa. Nikamwambia tutatafuta njia, tutaomba, tutazungumza na watu.

"Mama anataka kwenda kuuona mgomba wake," alisema.

"Mgomba gani utakaokuwepo baada ya miaka yote hiyo?"

"Wewe ni Muha gani usiyejua migomba? Mgomba haufi, mwenzangu. Unazaa mwingine pembeni, unaupisha."

Mwenda kwao si mtumwa. Nilikuwa nalijua neno hilo tangu utotoni, na nilikuwa nikiwaambia wengine. Kumbe kulijua ni jambo moja, na kulimeza ni jambo lingine.

Siku yake ya mwisho Kasulu aliketi dirishani, akaingiza jina lake kwenye orodha ya chumba chetu, ili akifika mahali penye mtandao tuongee. Kisha akaifunga programu kwa mkono wake. Dirisha likatoweka, skrini ikabaki tupu. "Unaona?" akasema. "Mwanafunzi wetu anajua kuaga."

Nilimsindikiza mpaka njia panda ya kwenda Mtabila, pale bodaboda zinapoegesha. Tulitembea polepole, tukizungumza mambo yasiyo na maana, bei ya mawese, jenereta, mwanachuo ambaye Melkiori alikuwa anampenda na hakuwahi kumwambia. Tukasimama. Akaniambia "Urabeho", neno ambalo Warundi hawalisemi kwa mtu watakayemwona kesho. Nikaitikia. Akageuka.

Alikuwa ameshaikaribia pikipiki nilipomwita. "Melki!"

Alisimama kwanza bila kugeuka. Nadhani alikuwa anatumaini amesikia vibaya. Kisha akarudi mpaka nilipokuwa, akaweka begi lake chini, na akakaa kwenye ule udongo mwekundu, na suruali yake ile nzuri, kama desturi inavyotaka. Watu wakapita wakimtazama. Dereva wa bodaboda akapaza sauti, "Oyaa, huyo vipi? Kachoka kabla ya safari? Twende au nibebe mwingine?"

"Ulitaka kusema nini?" Melkiori aliniuliza kutoka pale chini.

Nilimwita ili tu arudi. Nikatafuta neno, nikapata, "Usisahau kuandika."

"Umenirudisha kwa hilo?" Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akainuka, akajipangusa. "Haya. Nimekaa, nimeinuka. Sasa usiniite tena, Gervas. Hata Lazaro mwenyewe hakufufuliwa mara mbili."

Akapanda, akaenda. Vumbi lilichukua muda kutua.

Nilirudi chumbani moja kwa moja. Nikaketi dirishani, nikaiondoa mistari ile yenye adabu, nikamrudisha Lazaro wa kwanza, yule asiyeuliza. Niliwaambia watu nimefanya hivyo ili Melkiori akitupigia asikute pamefungwa. Kusema kweli sikuweza kuitazama skrini tupu. Bi Mwanaidi aliona. Tangu hapo hakuketi tena dirishani. Alihamia mashine ya kona, akaongea na Idrisa gizani mpaka Mungu alipomchukua.

Melkiori hakuandika. Programu ile ni ya huduma ndogo, iliyowekwa na marafiki wa ng'ambo kwa vyumba kama chetu, na kwa namna fulani hawajaizima. Kwa hiyo orodha ipo na jina lake lipo. Mwanzoni nilikuwa nikilitazama kila nikiingia. Baadaye nilikuwa nikilitazama kabla ya kutoka. Kisha ikawa nikisikia Kirundi sokoni nageuka kutafuta mabega yale yaliyoinama. Huzuni ya namna hii haikulazi kitandani, mwanangu. Unalima, unaoa, unasomesha, unacheka harusini. Ila kuna upande wa nyumba yako ambao taa haizimwi.

Niliuliza waliotoka huko. Mmoja alisema alisikia amejenga. Mwingine alisema familia ile haikufika kabisa walikokusudia. Mambo yalipochafuka tena kule na watu wakakimbilia tena upande wetu, wengine wakipokelewa huko Kibondo, nilikwenda na kuuliza, sikupata jibu. Na katika miaka yote hiyo, kila mtoto aliyelifunga lile dirisha, Lazaro alilifungua.

Mwaka jana mwalimu mmoja aliyetoka Kibondo alinitajia fundi wa simu aliye karibu na soko la huko, Mrundi mrefu, watu wanamwita Lazaro. Akina Lazaro ni wengi, najua. Hata hivyo nikapanda basi asubuhi. Kibondo penyewe baridi ilikuwa inauma, na nilipofika mahali nilipoelekezwa nikakuta kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya bluu, kimefungwa kwa kufuli. Jirani yake alikuwa mama mmoja anachoma ndizi.

"Mwakeye, mama," nilimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye. Unamtaka fundi? Umechelewa. Kafunga."

"Kafunga, au kumetokea jambo?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Kafunga mwenyewe. Kaaga vizuri, kanipa na hili jiko ninalochomea. Kasema anaondoka."

"Anakwenda wapi? Jina lake halisi anaitwa nani?"

"Sisi tunamwita Lazaro tu. Anakokwenda hakusema. Nilitaka kumuuliza, ila alikuwa ameshageuka." Akageuza ndizi zake. "Na mimi simwiti mtu kwa nyuma, baba."

Nilisimama pale mpaka moshi ukaniumiza macho. Kisha, na usinicheke, nikakaa chini mbele ya kile kibanda, mtu mzima na mvi zangu, kwenye udongo. Yule mama akaniletea ndizi moja kwenye kipande cha jani. Nikaila, nikainuka, nikarudi Kasulu.

Sasa hilo ndilo jibu la swali lako, mwanangu. Mistari ile niliiweka mimi, na ukiifuta hakitaharibika kitu chochote kwenye mashine.

Lakini kabla hujafuta cha mtu, au kufungua cha mtu, jiulize lile swali la Bi Mwanaidi. Katika maisha yako watu wengi watatoweka mbele ya macho yako, na kwa mbali kutoweka kote kunafanana. Kuna rafiki atakayenyamaza kwa sababu ameanguka. Huyo usingoje akuite mara ya pili. Mkimbilie, hata kama ulikuwa umemkasirikia, hata kama njia ni matope. Na kuna atakayenyamaza kwa sababu amemaliza, amekuombea heri, amegeuka. Huyo umsindikize mpaka kijitoni, usimwonee choyo chozi lako, kisha umwachie njia yake. Upendo unaomrudisha mtu kila anapoaga unafanana sana na ukarimu, lakini ni kamba. Mimi niliiandikia mashine adabu ambayo mwenyewe sikuwa nayo. Na pale usipojua kama mtu ameanguka au ameaga, kama mimi nisivyojua mpaka leo, uliza, tafuta, panda basi uende. Ila usiuite ubishi wako uaminifu. Wanasema milima haikutani, binadamu hukutana. Ni kweli, lakini hawakusema wanakutana kwa kuvutwa.

Mungu akupe masikio ya kusikia neno ambalo kila anayeondoka huliacha. Akupe mikono miepesi ya kuinua na miepesi zaidi ya kuachia. Wanaokuaga waende salama, wanaorudi wakukute mzima, na uani kwako kusikose mtu wa kukuambia ukweli baada ya kikombe cha kahawa.

Hayo ya juu niliyaandika juzi. Jana, ulipokwenda kula, niliingia chumbani nikaketi dirishani. Nilimwondoa Lazaro wa kwanza, nikaandika upya ile mistari tuliyoiandika wawili, inayosoma namba kabla ya kuinua. Vidole vyangu bado vinatwanga muhogo. Kuanzia sasa, mtu akilifunga lile dirisha kwa mkono wake, litabaki limefungwa. Nilishika kipanya, nikakipeleka mpaka kwenye ile alama ya kufungia pale konani, nikakiacha hapo bila kubofya. Leo asubuhi nimepita nje, nikachungulia. Jina bado la kijivu. Dirisha liko wazi, na hakuna aliyeligusa.